Volti kwa Ampea, Volti mara Ampea: Hesabu Ndogo ya Umeme kama Kipimo cha Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umeendeshwa kwa miaka mingi, na kwa kawaida huishia mahali pamoja, yaani kwenye orodha za maneno. Upande mmoja huonyesha istilahi zilizokwisha kuundwa na kudai kuwa kazi imefanyika. Upande wa pili huonyesha maneno yasiyomo katika orodha hizo na kudai kuwa lugha bado haijafika. Pande zote mbili hukubaliana, bila kutamka, kwamba istilahi ni kitu cha kuhesabiwa. Mhadhara huu unashika njia nyingine. Unachukua hesabu moja ndogo ya fizikia, ile ya kupata ukinzani na nguvu ya umeme kutokana na volti na mkondo, na kuifuata kwa Kiswahili hatua kwa hatua, ili kuona ni wapi maneno yanaibeba, ni wapi yanayumba, na kama kuyumba huko kunatokana na msamiati au na jambo jingine.

Hesabu hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni fupi: haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Pili, inakaa hasa kwenye mpaka wa lugha za elimu. Nchini Tanzania mwanafunzi hukutana na umeme, waya, swichi na betri kwa Kiswahili katika shule ya msingi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967. Kisha hukutana na kanuni ya Ohm akiwa sekondari, kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kingetumika kufundishia katika ngazi zote; toleo la 2023 la sera hiyo limeiacha sekondari mikononi mwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi anapofika kwenye hesabu, maneno aliyotumia kuuelewa umeme huwa ameyaacha nyuma ya mlango. Si ajabu kumkuta kijana anayeweza kupata jibu sahihi la ukinzani wa pasi lakini asiweze kumweleza mama yake kwa nini waya wa pasi hiyo unapata moto.

Istilahi zenyewe hazikukosekana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limeendelea kusanifu istilahi za fani nyingi. Swali la mhadhara huu ni jingine: istilahi hizo zinapotolewa kwenye kamusi na kuwekwa ndani ya sentensi yenye hesabu, zinatenda nini?

Neno moja kwa vitu vinne

Kabla ya hesabu, yafaa kusikiliza usemi wa kila siku. Neno umeme kwa asili ni ule mwanga wa ghafla unaoonekana angani wakati wa mvua, na kutoka hapo likachukuliwa kutaja kile kinachopita katika nyaya. Wakenya wengi husema stima, neno lililoingia kutoka Kiingereza pamoja na mitambo ya mvuke, na ambalo pwani lilikuwa pia jina la meli. Inafurahisha kwamba upande mmoja wa mpaka kitu hiki kimepewa jina la radi na upande wa pili jina la mvuke, na hakuna upande uliopata shida ya kuwasha taa.

Shida huanza pale wasemaji wanapotaka kutaja kiasi. Taa zinapofifia jioni, watu husema "umeme ni mdogo". Hapa kinachosemwa kuwa kidogo ni volti: badala ya 230 ambazo ndizo kiwango cha kawaida cha majumbani Tanzania, au 240 za Kenya, huenda zimeshuka hadi 180. Mtu anayenunua jiko la umeme huonywa kwamba "linakula umeme mwingi". Hapa kinachosemwa kuwa kingi ni nishati. Fundi umeme husema soketi imeungua kwa sababu "ilipitisha umeme mkubwa", naye anazungumzia mkondo. Na mtu aliyerushwa na waya husema "umeme ule una nguvu", pengine akimaanisha vyote kwa pamoja. Mdogo, mwingi, mkubwa, wenye nguvu: sifa nne, kiasi cha aina tatu au nne, na jina moja.

Haifai kuharakisha kuuita usemi huo kosa. Lugha zote hufanya hivyo, na katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Lakini hesabu haina muktadha. Mwenye kugawanya lazima ajue anagawanya nini.

Hesabu yenyewe

Chukua pasi ya kawaida iliyochomekwa kwenye soketi ya volti 230. Mita ikipima mkondo unaopita ndani yake, itaonyesha takriban ampea 4.35. Kutokana na namba hizo mbili, mambo mawili hupatikana.

La kwanza ni ukinzani. Volti 230 zikigawanywa kwa ampea 4.35 hutoa karibu 52.9, na kipimo chake ni omu. La pili ni nguvu. Volti 230 zikizidishwa kwa ampea 4.35 hutoa karibu 1,000, na kipimo chake ni wati. Namba ni zilezile. Tendo tu ndilo lililobadilika.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Kiswahili kina kiunganishi kidogo ambacho kinabeba mzigo mkubwa katika hesabu, nacho ni kwa. Husemwa "gawanya kwa" na husemwa pia "zidisha kwa". Katika vitenzi hivyo viwili kwa haielezi chochote. Kitenzi ndicho kinachoeleza. Lakini kitenzi kikiondolewa, kwa hubaki na maana moja tu: kilomita 80 kwa saa, shilingi 500 kwa kilo, dozi moja kwa siku. Ni maana ya kugawanya. Kwa upande wake mara, ikikaa katikati ya namba, ni ya kuzidisha. Hivyo Kiswahili kinaweza kueleza hesabu nzima ya pasi kwa vipande viwili vifupi: volti kwa ampea ni omu, na volti mara ampea ni wati. Ni vigumu kupata tamko fupi zaidi ya hilo katika lugha yoyote, na halikuhitaji kuundiwa neno hata moja.

Kipande hicho hicho kinafichua kosa linalosikika mara kwa mara, hata kwenye taarifa za habari. Kipimo cha nishati ya umeme ni kilowati-saa, yaani kilowati mara saa: pasi ya kilowati 1 ikiwaka kwa saa 1 imetumia kilowati-saa 1, na ikiwaka kwa nusu saa imetumia nusu yake. Taarifa husema "kilowati kwa saa". Kwa mpangilio wa Kiswahili usemi huo una maana ya kugawanya, kana kwamba nguvu ya mtambo inaongezeka kila saa kama gari linalochapuka. Msemaji hajakosea fizikia peke yake. Amekosea sarufi ya kwa. Mwenye kulijua Kiswahili vizuri angeweza kulishuku kosa hilo hata kama hajawahi kuingia maabara.

Kuhusu herufi, yatosha jambo moja. Katika vitabu hesabu hii huandikwa kwa V ya volteji, R ya ukinzani, P ya nguvu na I ya mkondo. Wapo wanaodhani kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anaonewa kwa kuwa herufi hizo zimetoka Kiingereza. Lakini I haina uhusiano na Kiingereza. Ilitoka kwenye neno la Kifaransa la ukali wa mkondo, na mwanafunzi wa London huikariri bila kujua sababu sawasawa na mwanafunzi wa Tabora. Alama ni alama. Majina ndiyo yenye kazi ya kufikirisha.

Mkondo na ukinzani

Kati ya majina yote ya hesabu hii, mkondo ndilo lililobahatika. Halikuundwa na kamati. Lilikuwepo kwa wavuvi na mabaharia wakilitaja kwa maji ya bahari, na bara kwa maji ya mto. Liko katika ngeli ya mti, na linakubali kuhesabika pale linapohitajika: mikondo miwili ikikutana kwenye waya mmoja hujumlishwa, kama vile vijito viwili vinavyoingia mto mmoja. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mkondo unaoingia kwenye pasi ni sawa na mkondo unaotoka hapati shida kubwa, kwa sababu anajua kwamba maji hayapotelei ndani ya bomba zima. Anayesema "umeme unaingia kwenye pasi na kuliwa humo" ndiye anayepata shida. Kinachotumika ndani ya pasi ni nishati. Mkondo wenyewe hupita na kurudi. (Mkondo wa majumbani, kwa hakika, hugeuka-geuka upande mara nyingi kwa sekunde, lakini hilo haliharibu hesabu ya pasi.)

Volti lina sura nyingine. Ni jina la kipimo, lililotolewa kwa heshima ya Alessandro Volta, Mwitalia aliyetengeneza betri ya kwanza, lakini katika Kiswahili limefanywa pia kuwa jina la kiasi chenyewe. Husemwa "volti zimeshuka" kama inavyosemwa "kilo zake zimepungua". Wapo wanaopendelea volteji kwa kiasi na volti kwa kipimo, na katika maandishi ya kitaaluma utofautishaji huo una faida. Hata hivyo ni vigumu kuwaona wasemaji wakiufuata, na hakuna hesabu iliyowahi kuharibika kwa sababu hiyo.

Ukinzani linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. Shina lake ni kinza, yaani kupinga au kukataa. Lakini jina halikutokana na kinza moja kwa moja. Limepitia kinzana, lenye kiambishi cha kutendana -an-, kama vile ushindani ulivyopitia shindana na upinzani ulivyopitia pingana. Kwa kufuata umbo lake, ukinzani si hali ya kitu kimoja kukataa, bali ni hali ya vitu viwili kukataana. Mtu mwenye kupenda usahihi anaweza kulalamika: waya unaweza kuwa na ukinzani ukiwa umelala dukani, bila kukinzana na chochote. Kwa nini basi istilahi ibebe kiambishi cha kutendana?

Jibu linapatikana kwenye hesabu. Ukinzani hauonekani wala haupimwi wenyewe. Hujulikana pale tu volti zinapokutana na mkondo, na si kitu kingine ila uwiano wa viwili hivyo: volti ngapi zinahitajika kwa kila ampea moja. Kiambishi cha kutendana, kilichoingia kwa njia ya uundaji wa maneno tu, kinakumbusha jambo la kweli. Faida nyingine ni kwamba neno hilo liliiepusha fizikia na upinzani, neno ambalo baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992 limehamia bungeni na haielekei kwamba litarudi maabara.

Nguvu, na wingi wa kazi zake

Neno gumu kuliko yote ni hili lililo jepesi kuliko yote. Nguvu ni ya mpiga ngumi, ya dawa, ya serikali, ya hoja, ya upepo, ya injini. Katika fizikia, vitu vitatu vilikuwa vikiligombania: kile kinachosukuma au kuvuta kitu, uwezo wa kufanya kazi uliohifadhiwa ndani ya kitu, kama ndani ya betri au chakula, na kasi ambayo uwezo huo unatumika. Hesabu ya volti mara ampea inahusu hicho cha tatu tu.

Wapinzani wa Kiswahili huuona mchanganyiko huo kuwa ushahidi wa upungufu. Historia ya hesabu hii yenyewe inawakanusha. Georg Simon Ohm alipochapisha kitabu chake mjini Berlin mwaka 1827, alichokuwa akikigawanya kwa ukinzani alikiita kwa neno la Kijerumani Kraft, yaani nguvu, akiliongezea kivumishi cha kifaa kilichotumika kuipima. Miaka 20 baadaye, mwaka 1847, Hermann von Helmholtz aliandika kuhusu kanuni ambayo leo huitwa ya kutopotea kwa nishati, naye akatumia neno hilohilo Kraft. Kwa hiyo katika kizazi kimoja, katika lugha iliyokuwa mbele kabisa kisayansi, neno moja lilitumika kwa volti na kwa nishati, na wakati huohuo liliendelea kutumika kwa kani. Kijerumani hakikuwa lugha duni. Kilikuwa bado hakijalazimishwa na vipimo kugawa kazi za neno hilo.

Vipimo vilikuja hatua kwa hatua. James Prescott Joule, katika majaribio yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1840, alionyesha kwamba joto linalotokea kwenye waya linafuata ukinzani pamoja na kipeo cha pili cha mkondo. Mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris mwaka 1881 ulikubali omu, volti na ampea. Wati ilipendekezwa mwaka uliofuata. Kila kipimo kilipopata jina lake, Kraft iliachia kazi moja. Maneno yalisafishwa na hesabu, wala hesabu haikungoja maneno yasafishwe.

Kiswahili kimepitia njia hiyo kwa muda mfupi zaidi. Neno kani, lililokuwepo tayari, limepewa kazi ya kusukuma na kuvuta, na mwanafunzi wa shule ya msingi hulijua pamoja na mtoto wake kanieneo. Nishati, lenye asili ya Kiarabu, limechukua uwezo wa kufanya kazi. Yapo hata mahali ambapo Kiswahili kimetenganisha vizuri kuliko Kiingereza: Waingereza wana neno moja kwa nguvu ya mashine, mamlaka ya dola na kipeo cha namba, ilhali Mswahili anayesema "kipeo cha pili" hawezi kudhaniwa anazungumzia injini wala ikulu.

Kani na nishati zikishaondoka na mizigo yao, nguvu linabaki na kazi moja katika fizikia: kasi ya kutumia nishati, inayopimwa kwa wati. Pamekuwa na mapendekezo ya kuliacha kabisa na kutumia uwezo, au kukopa. Mapendekezo hayo hayana mashiko. Uwezo ni neno lenye kazi nyingi kuliko nguvu, na mkopo ungemwondolea mwanafunzi hisia sahihi aliyo nayo tayari, kwamba pasi ya wati 1,000 ina nguvu kuliko ya wati 750. Tatizo la nguvu haliko kwenye neno. Liko kwa waandishi wa vitabu wanaolitumia kwa wati katika ukurasa mmoja na kwa kani katika ukurasa unaofuata. Istilahi haiharibiwi na maana zake za mtaani. Huharibiwa na mwandishi asiyeshika ahadi yake.

Upo mfano wa karibu wa jinsi jina linavyoweza kuficha kiasi. Anayenunua umeme wa LUKU hununua "uniti". Neno hilo halisemi ni uniti ya nini. Ni kilowati-saa, kwa hiyo ni nishati, lakini kwa kuwa jina lake halina uhusiano wowote na wati zilizoandikwa kwenye balbu, wengi hawaunganishi viwili hivyo. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila jioni hutumia wati-saa 300, yaani uniti 0.3. Hesabu hiyo iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa darasa la sita. Kinachomzuia ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa uniti ni kilowati mara saa.

"Kadiri … ndivyo …"

Hadi hapa yumkini msikilizaji ameridhika kwamba msamiati unatosha. Tatizo la hatari zaidi halimo katika msamiati. Limo katika muundo wa sentensi.

Kiswahili kina muundo unaopendwa sana na walimu wa sayansi: kadiri jambo hili linavyoongezeka ndivyo lile linavyoongezeka. Kwa huo, mwalimu anaweza kutamka kwamba kadiri ukinzani unavyoongezeka ndivyo joto linavyoongezeka. Sentensi ni nzuri na inakubaliana na Joule, kwani nguvu inayogeuka joto ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Wiki inayofuata mwalimu huyohuyo anaweza kutamka kwamba kadiri ukinzani unavyopungua ndivyo joto linavyoongezeka. Hii nayo ni kweli, kwani nguvu hiyohiyo ni volti kipeo cha pili gawanya kwa ukinzani. Mwanafunzi aliyeandika sentensi zote mbili daftarini ana haki ya kukata tamaa.

Balbu mbili zinaweza kuupatanisha ugomvi huo. Ziwe zile za zamani za uzi mwembamba ndani ya kioo, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zote za volti 230. Kipeo cha pili cha 230 ni 52,900. Ukigawanya kwa 60 hupata ukinzani wa karibu omu 882. Ukigawanya kwa 100 hupata omu 529. Zikifungwa kwa sambamba kama inavyofanyika nyumbani, kila moja hupata volti zake 230, na yenye ukinzani mdogo ndiyo inayong'aa zaidi. Zikifungwa kwa mfululizo, mkondo uleule wa takriban ampea 0.163 hupita katika zote mbili. Sasa balbu ya omu 882 hupata wati 23.4 na ile ya omu 529 wati 14.1: iliyoandikwa wati 60 inaishinda iliyoandikwa wati 100. (Hesabu hii inachukulia kwamba ukinzani wa uzi haubadiliki. Kwa kweli uzi wa balbu ukiwa baridi huwa na ukinzani mdogo sana kuliko ukiwa umewaka, kwa hiyo namba zitapishana na za mita, lakini mshindi ni yuleyule.)

Sentensi mbili za mwalimu hazipingani. Kila moja imeficha sharti: ya kwanza ni kweli mkondo usipobadilika, ya pili ni kweli volti zisipobadilika. Muundo wa kadiri … ndivyo … hauna nafasi ya sharti. Unataja vitu viwili vinavyotembea na kunyamaza kuhusu cha tatu kilichosimama. Hii ndiyo sababu unapendeza katika methali na unahatarisha katika fizikia.

Lugha haikosi dawa. Ilhali, mradi, iwapo, na hasa kitenzi cha kukanusha chenye -sipo-, vinabeba sharti bila taabu: "Volti zisipobadilika, kadiri ukinzani unavyopungua ndivyo nguvu inavyoongezeka." Maneno mawili tu yameongezwa mwanzoni, na sentensi imekuwa sayansi. Lakini vitabu vya mafunzo ya uundaji wa istilahi hujadili nomino kwa kurasa nyingi na kupita juu ya sentensi za masharti kana kwamba ni mali ya washairi. Nomino zimesanifiwa; sintaksia ya sayansi imeachwa ijisanifu yenyewe. Kwa mtazamo wa mhadhara huu, hapo ndipo kazi kubwa iliyosalia ilipo, na ni kazi ya wanaisimu zaidi kuliko ya wanafizikia.

Waya wa ekstensheni

Mambo haya hayaishii darasani. Katika nyumba nyingi za mjini, soketi moja hulisha vyombo vitatu au vinne kupitia waya wa ekstensheni. Plagi ya pini tatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Volti 230 mara ampea 13 ni wati 2,990. Pasi ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 vikiwashwa pamoja hufika wati 3,000. Fyuzi haikatiki papo hapo kwa ziada ndogo kama hiyo. Hukatika mkondo unapozidi sana. Kwa hiyo kinachobaki kuulizwa ni kama waya wenyewe unastahimili.

Mnunuzi makini huugeuza waya na kusoma kilichochapishwa juu yake. Mara nyingi atakuta "300/500 V", na kando yake namba kama "3 × 0.75 mm²". Kwa lugha ya umeme mdogo na umeme mkubwa, mnunuzi huyo hufikiri vizuri tu: umeme wa nyumbani ni 230, waya unabeba hadi 500, basi kuna nafasi ya kutosha. Amekosea kwa sababu amepewa neno moja kwa viasi viwili. Volti zilizoandikwa pale zinahusu ganda la plastiki na uwezo wake wa kuuzuia umeme usitoke nje ya waya. Hazisemi lolote kuhusu mkondo. Kinachohusu mkondo ni ile namba isiyosomwa, unene wa shaba, na kwa kawaida shaba ya milimita za mraba 0.75 hukadiriwa kubeba ampea 6 tu.

Joto la waya huo hupatikana kwa hesabu ileile. Ekstensheni ya mita 10 ina shaba ya mita 20, kwenda na kurudi, yenye ukinzani wa karibu omu 0.45. Ampea 6 zikipita, nguvu inayogeuka joto ndani ya waya ni 36 mara 0.45, karibu wati 16 zilizotawanyika katika mita zote 10, na mkono hauhisi zaidi ya uvuguvugu. Ampea 13 zikipita, ni 169 mara 0.45, karibu wati 76. Mkondo umeongezeka kidogo zaidi ya mara mbili, joto karibu mara tano. Waya ukiwa umeviringishwa na kufunikwa na zulia, joto hilo halina pa kwenda.

Wauzaji na mamlaka za viwango wanapotafsiri maonyo kwa Kiswahili, huandika mara nyingi "Usizidishe umeme". Onyo hilo haliwezi kutekelezwa, kwa kuwa hakuna mtumiaji mwenye uwezo wa kuzidisha umeme wala chombo cha kumwonyesha umezidi. Kwa waya uliotajwa hapo juu, volti 230 mara ampea 6 ni wati 1,380, na onyo linaweza kuandikwa hivi: "Jumla ya wati za vyombo vyote vilivyochomekwa isizidi 1,380. Kunjua waya wote kabla ya kutumia." Maneno yote ni ya kawaida, wati zimeandikwa nyuma ya kila chombo, na anayejua kujumlisha anaweza kujua, kabla ya kuwasha, kwamba pasi itapita na birika halitapita.